Matao ya Mtani, Mirunda Yangu

Shule niliishia darasa la nne, lakini maghorofa mengi ya Kariakoo yalisimama juu ya mirunda yangu. Ulizia Gerezani nani anakodisha miti ya kushikilia zege, utaletwa kwangu hata ukiwa umefumba macho.

Jirani yangu mwenye duka la rangi ni mtani wangu. Mimi ni mtu wa kusini, yeye kwao ni bara, kwenye reli ya kati. Tangu treni ya umeme ianze kupita juu ya nguzo za zege, kila ikipita ananiambia lile si daraja. Daraja liko kwao bondeni, la enzi za Mjerumani, matao ya mawe matupu, na babu yake alikuwa mmoja wa wachongaji.

"Kwenu reli Mwingereza aliileta ibebe karanga," anasema. "Karanga zikagoma, wakaing'oa."

Ubaya wake, ni kweli.

Utani nauvumilia. Kilichonichoma ni binti yangu. Yuko chuo, anasomea ujenzi, na anasoma kwa jasho langu. Alipotakiwa kuandika habari za daraja la zamani la reli, akachagua la mtani. Jioni ananipa shikamoo mlangoni, halafu huyo, kwenye rangi. Nawasikia wanacheka. Mtani anamweleza jinsi kila jiwe la tao lilivyochongwa jembamba chini, pana juu, ili treni ikikanyaga mawe yazidi kubanana. Binti anasema, "Enhe, mjomba?" Mimi nikimsemesha anaitikia huku anatazama simu. Siku hizo niligonga misumari ambayo haikuwa na haja ya kugongwa.

Jioni moja nikawafuata. Nikauliza, kabla jiwe la katikati, la kufungia tao, halijaingia, hayo mengine yalikaa hewani kwa dua? Mtani akakuna kichwa. Hilo babu yake hakusimulia. Basi nikawaeleza mimi. Unaunda kwanza tao la mbao, unalaza mawe juu yake kutoka pande zote mbili, la katikati likishakaza ndipo unalegeza kabari za chini ya miti kidogo kidogo na kuitoa. Binti akaanza kuandika mbio. Nikajisikia mtu.

"Sawa," mtani akasema. "Na daraja likishasimama, miti yako iko wapi? Kuni. Jiwe la babu lipo mpaka leo, na alama ya patasi yake."

Maneno yale yalikaa kifuani kama mwiba wa samaki. Nilipita Msimbazi nikiangalia ghorofa moja moja. Zege lilipokauka, walinirudishia miti, wakanisahau.

Binti alipomaliza kazi yake, nikamuuliza mbele ya mtani mimi niko wapi humo.

"Baba, miti ina ukurasa mzima," akasema. "Babu yake mjomba ana nusu."

Nikamwambia asome. Mtani alikuwa anakoroga rangi, kijiti kikasimama kwenye kopo. Binti alipomaliza kusoma nikamwambia arudie, safari hii kwa sauti ya kufika duka la tatu.