Wakili wa Kaka Amenitetea Mimi

Wakili aliyeletwa na kaka yangu ndiye ameniokoa leo!

Baba alituachia kampuni ya maziwa huko Dundori. Kaka ana hisa nyingi, mimi chache. Leo ametuita, mimi na wakili wake, nyumbani kwake mtaa wa Section 58, eti kampuni imuuzie mke wake shamba la ng'ombe kwa bei ya kutupa.

Nikakataa.

"Na hizo hisa zako kidogo? Keti chini!" kaka akafoka.



Wakili akamgeukia kaka. "Boss, huyu akienda kortini, jaji anaweza kusimamisha hii kitu yote. Hata mwenye hisa chache haonewi."



Kaka akashusha pumzi. "Sawa. Shamba libaki."

Nimelia kwa gari mpaka nikaanza kucheka. Ng'ombe wa baba hawaendi popote.

Kuna mwingine amewahi kuponea hivi kwao?