Kopo la Zuhura

Siku yangu ya kwanza kuitwa mwalimu nilikuwa bado na vumbi la maboksi kichwani. Nilikuwa mfungashaji mizigo hapa mtaa wa Xiaobei, Guangzhou, Uchina: kazi ya kuvua viatu maboksi yake na kuvibana kwenye marobota, ili vipande ndege kwa kilo chache. Juu ya ofisi yetu kulikuwa na chumba cha darasa la Jumamosi la watoto wa wafanyabiashara wetu. Mwalimu Mkuu, mama wa Tanga aliyekuja kusoma shahada, alinidaka ngazini.

"Baba Salma, wewe unajua kilo. Njoo ufundishe kaboni."

"Mama, mimi nimeishia la saba."

"Na hao wako la tano. Umewazidi mawili."

Nikaingia. Mpaka leo sijui kama nilistahili.

Alinifundisha yeye kwanza. Hewa ukaa hutoka tunapochoma mafuta, makaa na gesi. Hubaki angani ikazuia joto lisitoke, na tabianchi ikabadilika. Nyayo za kaboni ni jumla ya hewa hiyo inayotokana na maisha ya mtu: anachokula, anachopanda, anachowasha. Vitabu hatukuwa navyo, nikaokota makopo ya maziwa na kununua maharage. Kila mtoto, kopo la nyumbani kwao. Metro, treni ya chini ya ardhi, punje moja. Kiyoyozi, punje kadhaa. Mzigo wa meli, kijiko. Mzigo wa ndege, konzi nzima, maana kilo ileile ikipaa huchoma mafuta mengi mno kuliko ikielea. Vilikuwa vipimo vya makisio, na niliwaambia hivyo. Kopo langu mwenyewe lilijaa, nikawaonyesha.

Siku ya maonyesho kwa wazazi, mwanafunzi wangu Zuhura alikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba yake alichukua mikoba soko la Shiling na kuisafirisha kwa ndege kila wiki. Kopo lilifurika, akaomba la pili.

"We Zuhura, hiyo kaboni au futari?" akatania mwenzake Hamisi.

"Lako tupu kwa sababu baba yako hauzi!"

Darasa zima likaangua kicheko. Ndipo akaingia Mwenyekiti wa kamati ya darasa, ambaye pia ndiye mwenye ofisi ya mizigo ya ndege, bosi wangu wa siku za kazi. Sote tulimwita laoban, kama Wachina wanavyomwita tajiri.

"Makopo haya mawili ya nani?"

"Ya Zuhura."

"Baba yake mteja wangu. Aje akute binti yake kamwandika mchafuzi wa dunia?"

"Hajamwandika kitu, laoban. Amehesabu."

"Ndege itoke. Viwanda vyote hivi umevihesabu? Wanunuzi wanaojaa maonyesho ya biashara ya Pazhou huja kwa miguu? Unawabana watoto wetu tu!"

Nimtendee haki. Kuhusu viwanda na Pazhou alisema kweli. Sikuviweka, na kosa ni langu. Kodi ya chumba alilipa yeye. Mke wangu alipolazwa, ni yeye aliyesimama kututafsiria kwa daktari. Lakini hakuniambia niongeze viwanda. Aliniambia nitoe ndege.

Na mimi nikatoa. Nikashika makopo ya mtoto, nikamwaga maharage kwenye mfuko, nikabakiza punje chache.

"Mwalimu, nimekosea hesabu?"

Baba yake alikuwa keshafika mlangoni. Mwenyekiti ananitazama.

"Ndiyo," nikasema. "Umekosea."

Baba akachungulia kopo, akafurahi: "Safi mama, punje chache hivi, nyumba yetu ya kwanza kwa usafi!" Yeye sina la kumlaumu, hakujua. Zuhura hakunyoosha mkono tena mpaka alipomaliza darasa letu.

Nilistaafu mwaka jana, mgongo umegoma. Mwenyekiti alinipa saa ya ukutani, akaniita mbele za watu mwalimu mkweli. Wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, mjinga mimi! Hasira ninayo juu yake, ila hiyo ina mwisho. Niliyo nayo juu yangu mwenyewe haina. Ninyi mnaoanza kazi hii, sina elimu ya kuwashauri. Mtoto akipata, mwambie amepata. Basi.

Wiki iliyopita nilimkuta Zuhura kwenye lifti ya jengo la Tianxiu, msichana mkubwa sasa, amebeba chakula cha baba yake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Zuhura, yale makopo. Hukukosea. Nilikudanganya."

Akahamisha hotipoti mkono wa pili.

"Najua, mwalimu. Nilihesabu tena nyumbani siku ileile. Ndiyo maana sikukuuliza tena kitu."