Ng'ombe wa Mskochi

Bibi yangu mzaa baba hakupenda kusikia mumewe akiitwa Mwingereza. "Mskochi," alisahihisha, na asiyeona tofauti alielezwa mpaka achoke. Mimi nilichojua kuhusu Uskochi ni kwamba watu wa huko hutia chumvi kwenye uji, kwa sababu bibi alijifunza kwa mumewe na akatulazimisha sote kuunywa hivyo. Babu alikuwa fundi wa mitambo katika mgodi wa dhahabu, Geita. Alikufa kabla ya Uhuru, akazikwa kwenye makaburi madogo ya pale pale. Hata mgodi ulipofungwa na Wazungu wakaondoka, bibi aliendelea kwenda kung'oa majani kaburini.

Kisa alichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha mahari yake. Mskochi alinunua ng'ombe mnadani Shinyanga, wakaswagwa kwa miguu siku nyingi hadi kwa wazazi wake bibi.

"Mimi nilitolewa ng'ombe," alikuwa akisema. "Sikuokotwa mgodini."

Wanawake wengine walioishi na Wazungu hawakuwa na la kusema kama hilo, naye hakuwaacha wasahau. Alikuwa na maringo, bibi yangu.

Miaka ya sabini baba akagombea ubunge. Wagombea walikuwa wawili, wa chama kimoja, wakizunguka pamoja na kupanda jukwaa moja. Mwenzake alipewa alama ya jembe, baba akapewa nyumba. Ilikatazwa kutaja kabila, dini au rangi ya mtu, kwa hiyo hakuna aliyesema neno juu ya ngozi ya baba, ingawa kila mtu alikuwa na macho. Siku ya mkutano kijijini kwetu, bibi alikaa mbele kabisa na khanga mpya, nami pembeni yake. Wakati wa maswali alisimama mzee mmoja, mpole kabisa.

"Ng'wanawane, mwanangu," alisema, "mimi nauliza kidogo tu. Yule Mzungu alitoa ng'ombe, au hakutoa?"

Watu wakacheka, kisha wakamgeukia baba. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba yake ikiwa mama alitolewa ng'ombe. Kama hakutolewa, mtoto ni wa wajomba. Baba akijibu ndiyo, basi yeye ni mtu wa Uskochi, akaombe kura huko. Akijibu hapana, ni wetu.

Baba hakumtazama bibi. "Hakutoa hata ndama," alisema. "Mimi ni mtoto wa wajomba zangu. Kwetu ni hapa."

Vigelegele vikapigwa. Wajomba zake, kaka zake bibi, ambao wenyewe walipokea wale ng'ombe, walipiga makofi kama wengine. Bibi alijifunga khanga yake vizuri, akabaki amekaa. Nilingoja nione hasira ndani yangu, au aibu. Sikuona kitu. Nakumbuka tu kwamba jua lilikuwa kali na mguu wangu ulikuwa umekufa ganzi.

Nyumba ikashinda. Bibi hakumgombeza baba, wala hakununa. Alimpikia alipokuja, akampa maji ya kunawa, akamwita Mheshimiwa kama walivyomwita watu wa njiani. Kisa cha mahari hatukukisikia tena. Siku moja nilimwomba anisimulie, akaniambia nichochee moto.

Alipougua, miaka kadhaa baadaye, mimi ndiye niliyemuuguza. Aliniomba jambo moja. "Mnilaze kwa mume wangu." Nikamwahidi, na alipofariki nikamwambia baba mbele ya wajomba zake waliokuja msibani. Mjomba mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima zote.

"Mayo, mwanamke aliyeolewa huzikwa kwa mumewe," alisema, akiniita mama kwa upole. "Asiyetolewa ng'ombe hurudi kwao. Siyo mimi niliyesema hakutolewa. Alisema Mheshimiwa, mbele ya watu wote."

Nilimtazama baba. Tulimtazama sote. Mjomba huyo alijua idadi ya wale ng'ombe na rangi zao, na baba alijua kwamba anajua. Neno moja tu lingetosha, lakini uchaguzi mwingine ulikuwa karibu na ua lilikuwa limejaa watu.

Baba alikohoa kidogo, kisha akawauliza wajomba zake kaburi lichimbwe upande gani.