Darini, Pamoja na Mbegu

Asubuhi ya mwisho iliyokuwa ya kawaida, Asenath alikunywa chai akiwa amesimama, akachukua tableti yake, akateremka mtoni kabla jua halijawa kali. Komora, mumewe, alimfuata na jembe begani. Shamba lao la migomba lilikuwa pale pale kwenye kona ya mto, chini kidogo ya kijiji cha Ngao, kwa hiyo njia yao ilikuwa moja.

Asenath alikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akajifunika leso gubigubi, yeye na tableti yake, kwa sababu juani kioo kile hakionyeshi kitu isipokuwa uso wako mwenyewe. Ukimwona kwa mbali ungedhani ni mgonjwa anayejifukiza. Wanawake waliokuja kuteka maji walikuwa hawamwachi.

"Mama Josephine, leo umemficha nani humo?"

"Mume wa pili," akajibu kutoka ndani. "Huyu hakoromi."

Wakacheka mpaka ndoo zikamwagika. Komora naye alicheka, ila kwa aibu. Mkewe alipomwita aje aone alichochora, alisema watu wanatazama, mzee mzima hawezi kuingia ndani ya leso ya mwanamke mchana kweupe. Akaenda zake kupalilia.

Saa saba mchana presha ilimwangusha Asenath jikoni. Baada ya siku tatu wakamzika.

Alikuwa na miaka sitini na minne. Shule aliiachia darasa la pili. Tangu utoto alichora kwa mkaa ukutani, na mamake akamchapa kwa kuchafua nyumba. Alizaa watano, akabaki na mmoja, Josephine, mwalimu huko Malindi. Josephine ndiye aliyemletea tableti yake ya zamani, akamwonyesha mahali pa rangi. "Kalamu ni kidole chako, Mama." Tangu siku hiyo, miaka mitatu, hakukosa mtoni ila Jumapili. Alichora maji yakiwa mekundu, alichora viboko masikio tu, alichora ng'ombe wa Waorma wakishuka kunywa. Josephine alipomwomba amtumie michoro, alisema atamtumia ikiisha. Haikuisha. Mto ukisogea kidogo tu, naye anaurudia mchoro wa jana.

Miezi miwili baada ya mazishi, mvua ya bara ikaleta mafuriko. Komora alikuwa na vitu viwili vya kuokoa, mbegu na tableti. Mbegu ya mahindi kwao hukaa darini, juu ya mafiga, moshi uikaushe na kufukuza wadudu. Babake aliweka hapo, babu yake aliweka hapo, na hakuna maji yaliyowahi kufika. Basi akaizungushia tableti leso ya mkewe, akaipandisha katikati ya mahindi. Maji yakaja mpaka kizingitini, yakasimama. Siku kumi na moja alikaa akichochea moto usizimike, moshi uwe mwingi. Hakuna kazi aliyowahi kuifanya kwa uangalifu kama ile.

Mtandao uliporudi, Josephine akapiga simu.

"Baba, tableti ya Mama iko salama? Isilowe tu."

"Kavu kabisa. Iko darini na mbegu."

"Darini wapi?"

"Juu ya moto, mwanangu. Pale pa siku zote."

Josephine akasema, "Iteremshe, Baba. Iteremshe sasa hivi."

Ilikuwa imevimba kama andazi.

Garsen, karibu na stendi, kuna binti anayetengeneza simu, jina lake Kadra. Aliifungua, akarudisha kichwa nyuma kwa harufu.

"Mzee, ulikuwa unachoma nyama?"

"Ilipata moshi tu."

"Na huo moshi ulitoka wapi, si motoni?"

Ndipo akaiona ile leso mikononi mwa mzee, akaacha kucheka. Alihangaika nayo mpaka adhuhuri, mzee akimweleza habari za mkewe na michoro yake.

"Hizi picha, marehemu alizituma popote? Hata WhatsApp?"

"Zilikuwa hazijaisha."

"Basi zimeenda, baba yangu. Pole."

Akatoa betri, akaiweka mbali kwenye mchanga isije ikalipuka. Kilichobaki akakifunga kwenye mfuko, akampa.

Komora alipofika nyumbani alishuka mtoni. Maji yalikuwa yameshuka, lakini mto haukurudi mahali pake. Kona ile imekatwa. Shamba, migomba, ule mtumbwi, vyote vimekwenda, na penyewe hapapo tena pa kumwonyesha mtu. Mbegu zilipona zote. Alizipanda kwenye matope mapya, zikaota vizuri kuliko miaka yote, naye akazitazama tu.

Siku moja akakaa ukingoni, akajifunika ile leso, tableti mapajani. Ndani mlikuwa na harufu ya moshi, na giza. Wanawake walipita na ndoo zao. Hakuna aliyemtania, aliwasikia wakinyamaza mmoja mmoja walipomkaribia. Akakaa humo humo mpaka jasho likamtoka, akiyakumbuka maneno ya mkewe asubuhi ile, jinsi alivyoinua pindo la leso kwa mkono mmoja akamwambia:

"Baba Josephine, huko juani huoni kitu. Njoo ndani, kuna nafasi."