Sikukuu Niliyoinamisha Antena ya Mchikichini

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa kofia ngumu, mkanda wa kupandia na ghorofa sita za ngazi pale Kariakoo. Lifti mbovu. Juu ya paa, Mhandisi Mkuu wa Kanda alinionyesha antena, kisanduku kirefu cheupe, akasema, "Binti, hewa yote hii imejaa maneno ya watu. Huyaoni, lakini yanakupita mpaka mwilini."

Nikabaki nimeduwaa. Chini wapiga debe wanaita, mimi naona salamu zinaelea juu ya mabati.

Ninyi mnaoandika huku mnatembea, sikilizeni. Simu hugeuza herufi kuwa namba, ikazipandisha kwenye mawimbi ya redio. Antena iliyo karibu huyadaka. Ujumbe huenda kwenye kituo cha kuutunza, nacho humtafuta anayeandikiwa kupitia mnara ulio jirani naye. Asipopatikana, ujumbe husubiri, kituo kikajaribu tena.

Miaka ikapita, nikahamishiwa Ilala chini ya Msimamizi wa Minara, mtu wa makaratasi. Akaniagiza niinamishe antena moja iangalie soko la Mchikichini. Nikachagua sikukuu ya Idi, soko limefungwa, nifanye kazi kwa raha zangu. Nikainamisha, nikashuka, nikazunguka vichochoroni na simu ya kupimia. Mawimbi safi kabisa! Nikaandika ripoti, nikaenda kula pilau.

Kumbe nilipima soko lisilo na watu. Mwili wa mtu una maji, na maji hunywa mawimbi. Marobota ya mitumba nayo yakilowa mvua, basi ni ukuta.

Soko lilipofunguliwa nikapita kwa Mama Zuhura, muuza mashuka wa kibanda cha mwisho kabisa sokoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu." Sauti haina nguvu. Binti yake alikuwa hospitali Lindi, uchungu umemshika tangu jana. "Simu yangu nzima, ona. Yeye ndiye kimya. Sijui yu hai, sijui vipi."

Nikaitazama. Kimstari kimoja cha mtandao, kinawaka, kinazima. Kumbe ni antena yangu!

Nikakimbilia barabarani kumpigia Msimamizi.

"Ripoti yako mwenyewe inasema sawa," akanijibu. "Unataka niandike nini?"

"Andika nilikosea, bosi. Nilipima soko tupu."

Nikasikia akifungua faili. "Haya, panda."

Nikapanda, nikaiinua antena pembe ya nyuzi mbili, imulike mpaka mwisho wa soko. Niliporudi, Mama Zuhura alikuwa amekaa juu ya robota analia. Ujumbe umeingia miwili kwa mpigo. Akanipa nisome. Wa alfajiri: "Mama naingia chumba cha upasuaji. Niombee dua." Wa asubuhi: "Mama ni wa kike, tuko salama. Mbona kimya?"

Niliona aibu, jamani. Nikamwambia ukweli, kwamba aliyemzibia mawimbi ni mimi.

Akafuta machozi, akanisukumia simu. "Basi mpigie wewe. Mwambie mama yake hakunyamaza."

Nikapiga, nikaeleza, nikaomba radhi. Kule Lindi kichanga akalia sikioni mwangu.

Sasa nimestaafu. Mchana najilaza barazani Ilala, nafumba macho, na bado nayahisi yale maneno yakipita. Kichanga yule amekuwa msichana, anaandika mwenyewe. Akimwandikia bibi yake asijibiwe upesi, hunipigia mimi: "Bibi Fundi, umetuinamishia tena antena?"

Nacheka mpaka basi. Kisha navaa kandambili, naenda sokoni kumwangalia bibi yake.