Ushindi Mmoja wa Hafidhi Zahiruddin

Kwa miaka minne Hafidhi Zahiruddin, muuza vifungo wa Bohri Bazaar, alikuwa sikukuu ya watoto wa Karachi. Kila Jumapili ya mashindano ya mchezo wa herufi, ratiba ikishabandikwa ukutani, hakukosekana mtoto mmoja wa kurukaruka, na huyo ndiye aliyepangiwa kucheza na Babu, kama walivyomwita. Walimpenda, hilo halina ubishi, maana aliwaletea mikate ya kebabu kutoka mjini. Ila pointi zake walizipenda zaidi. Mzee wa watu alikuwa hajashinda hata mchezo mmoja.

Alianza kwa kumsindikiza mjukuu wake Mahrukh. Akachoka kukaa kwenye viti vya wazazi akisikiliza wanaume wazima wakilalamikia umeme, akaomba naye acheze. Kiingereza chake kilikuwa cha kuuzia vifungo tu, lakini mchezo huu hauulizi maana. Unapewa vigae saba vya herufi, unatafuta neno lililojificha humo, unaliweka ubaoni. Na mtu aliyehifadhi Kurani nzima akiwa na miaka kumi na mmoja angetishwaje na orodha ya maneno? Akaazima njia ileile ya madrasa: somo jipya baada ya alfajiri, la wiki baada ya alasiri, na ya zamani akiyarudia dukani, akiyumba mbele na nyuma katikati ya masanduku ya vifungo.

"Wateja wanadhani unaumwa tumbo," mkewe Sabiha alimwambia.

"Waache wadhani. Mradi wananunua."

Maneno alikuwa nayo, tena mengi kuliko watoto wale. Kilichomwangusha ni saa. Akipata herufi zake, hakuweza kuchomoa neno moja. Sharti aisome familia yote ya maneno yenye herufi zilezile tangu mwanzo, kama alivyofundishwa. Isitoshe, vigae alivipanga kutoka kulia kwenda kushoto, kama alivyosoma Kiurdu tangu utoto, halafu ndipo avigeuze. Dakika zikimwishia, pointi zinakatwa. Alifungwa kwa kumi na moja, akafungwa kwa sita, mara moja akafungwa kwa mbili, na siku hiyo hakugusa chakula cha jioni. Alitaka ushindi mmoja tu. Michezo mingine wangebaki nayo.

Jumapili moja ya Januari, raundi ya tano, akakutana na Areesha, binti wa miaka tisa aliyekuwa anaongoza klabu nzima na bado anavaa soksi zenye picha za paka. Zikiwa zimebaki dakika mbili, Babu akavuta vigae: A, E, I, N, R, S, T. Hii ilikuwa familia tajiri kuliko zote, ina maneno kumi na moja. Akayumba, akayasoma yote, akachagua RETINAS, akaharakisha kuliweka ubaoni na kugonga saa.

Areesha akakodoa macho. Ubaoni palisomeka SANITER.

Alitaka kupinga. Lakini katika klabu ile, ukipinga neno kumbe ni halali, unapoteza zamu, na mwezi uliopita Babu alikuwa amemtia adabu kwa namna hiyo hiyo. Maneno ya Babu yalikuwa ya ajabu siku zote na ya kweli siku zote. "Sawa," akasema, akaendelea. Babu akashinda kwa pointi kumi na tisa.

Ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Mahrukh alikumbatia kila aliyekuwa karibu, akampigia simu bibi yake, na mzazi mmoja akatoka mbio kununua vitamu vya jalebi. Babu mwenyewe alikuwa anarudisha vigae kwenye mfuko wa mchezo huku machozi ya furaha yakimlenga. Alipofika kwenye neno lake, akalisoma kutoka kushoto. Mkono ukasimama.

"Areesha, mwanangu, hili si neno. Nimeliweka kinyume."

Areesha akasoma kutoka kulia, akafunika mdomo, akacheka mpaka akateleza kitini. "Kosa langu, Babu. Sikupinga."

Mwamuzi, Bwana Tauseef, naye akasema vivyo hivyo: mchezo umekwisha, matokeo ni hayo.

"Nimeshindaje kwa neno la uongo?"

"Si uongo, Hafidhi sahib. Ni sheria."

Sheria hiyo haikumwingia. Akaenda mbele, akashika maikrofoni, na Mahrukh akajifunika uso kwa mtandio wake wa dupata. "Watoto wangu, sijashinda. Neno langu lilikuwa kinyume. Andikeni mnavyotaka, mimi huu siuhesabu." Wakamcheka kwa mapenzi makubwa, wakampigia makofi, na jalebi zikaliwa zote.

Raundi ya mwisho alipangiwa Shahmir, kijana wa miaka kumi na mbili mwenye mdomo kuliko kimo. "Babu, leo nitakusoma pande zote mbili," alisema kabla hajakaa. Mchezo ukaenda bega kwa bega, Shahmir mbele kidogo, mpaka Babu akaweka vigae vyote saba: ETAERIO.

Shahmir akacheka. "Umerudia, Babu. Kinyume tena."

"Basi pinga."

"Unaniruhusu?"

"Ukumbi wote umeshasikia kwamba nakosea. Pinga, mwanangu."

Wakaenda pamoja kwenye kompyuta. Babu alikuwa na hakika, lakini hata kwa SANITER alikuwa na hakika. Shahmir akaandika herufi moja moja. Kioo kikawa kijani. Neno halali, zamu imepotea, na zamu hiyo moja ndiyo Babu aliyoitumia kumalizia vigae vyake, dakika moja ikiwa bado kwenye saa.

Alishinda kwa pointi tatu. Akakataa kusaini karatasi ya matokeo. Akasoma ubao wote kutoka kushoto, akausoma tena kutoka kulia, neno kwa neno, huku Shahmir akisubiri ameshika tama.

"Una la kupinga?"

"Sina, Babu. Umenifunga."

Ndipo akasaini, akatoka nje kwenye jua, akampigia mkewe.

"Sabiha, nimeshinda."

"Nimeshaambiwa na Mahrukh tangu saa tisa. Na majirani wote nimeshawapelekea mithai ya kusherehekea."

"Ule haukuwa ushindi," alisema Hafidhi Zahiruddin. "Wapelekee tena."