Minong'ono ya Kidato cha Pili

Mwenzenu niliumbuka. Siku shule yetu ya Mpanda ilipofunguliwa baada ya korona, mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa zamu. Mlango wa kidato cha pili ulikuwa bado na kufuli, limeota kutu, lakini ndani nilisikia watu wakinong'ona.

"Kimya nyie!" nikafoka, nikagonga mlango kwa fimbo.

Minong'ono ikapanda, ikawa mlio mmoja mzito. Nywele zikanisimama. Nikawakumbuka tuliowazika miezi ile, nikapiga magoti barazani, nikaanza sala ya marehemu.

Sauti nyingi zikaitikia nyuma yangu. Nikageuka: shule nzima, na barakoa zao, imepiga magoti.

"Mwalimu," mkuu wa shule akauliza kwa upole, "nani amefariki?"

Kabla sijajibu, marehemu wangu wakaanza kutoka kwenye ufa wa mlango, mmoja mmoja: nyuki.